Nusu Karne ya Kituo cha Sheria, na Meza ya Wageni Waliokimbilia Nairobi

Mwaka 1973, jamhuri ya Kenya ilipokuwa ikitimiza mwaka wake wa kumi wa uhuru, na mji wa Nairobi ukiwa umekwisha kujaa watu waliotoka mashambani kutafuta riziki, kikundi cha wanasheria waliotambua ya kwamba sheria, ijapokuwa imeandikwa kwa ajili ya watu wote, haimfikii ila yule aliye na mali ya kumlipa wakili, kilianzisha mahali pa kuwasikiliza maskini wa mji na kuwapa shauri bila ya ujira. Mahali hapo ndipo palipokuja kujulikana nchini kote kwa jina la Kituo cha Sheria. Miaka hamsini ilipotimia mwaka 2023, wengi walikikumbuka Kituo kwa mashauri ya ardhi, ya mishahara na ya bomoabomoa. Mimi nimependa kuandika habari za tawi lake moja tu, lile la kuwatetea wakimbizi na waombao hifadhi, kwa kuwa naona ndilo lililoijaribu nia ya waasisi kuliko matawi yote. Kumtetea jirani yako, ambaye kesho atapiga kura na keshokutwa huenda akawa diwani, ni jambo moja. Kumtetea mtu asiye na kura, asiye na ukoo mjini, na ambaye majirani zako wenyewe wamnong'ona kuwa ndiye chanzo cha balaa, ni jambo jingine kabisa.

Hapo mwanzo kazi ilikuwa ya wenyeji. Waliokuja walikuwa mtumishi wa nyumbani aliyefukuzwa bila kulipwa mshahara wa mwezi, mpangaji aliyekuta vyombo vyake vimetupwa barabarani na kufuli jipya mlangoni, mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, na kibarua aliyevunjika mkono kiwandani akaambiwa aende zake. Mambo hayo, kwa macho ya mawakili wakubwa wa mjini, yalikuwa madogo mno hata yasistahili faili. Walakini mwenye kuyafuata huona mara moja ya kwamba nyuma ya kila moja yuko mtu mwenye nguvu asiyezoea kuulizwa. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba katika miaka ya 1990, wakati wa vuguvugu la vyama vingi, ambapo kuuliza peke yake kulihesabiwa kuwa uasi, ofisi za Kituo zilihujumiwa kwa chupa za petroli. Kituo hakikufungwa. Nalitaja jambo hili kwa upesi, kwa sababu waliokuwako wamelieleza mara nyingi. Ila yafaa msomaji ajue kuwa watu waliokuja kuketi na wakimbizi baadaye walikuwa wamekwisha kuonja wenyewe maana ya kuiogopa serikali ya nchi yako.

Wakimbizi nao walikuwako Nairobi tangu zamani. Kenya iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1966, na mwaka uleule wa 1973 mji ulikuwa ukiwapokea Waganda waliomkimbia Idi Amin, miongoni mwao waalimu na matabibu ambao shule na hospitali za nchi ziliwapokea kwa furaha, kwa kuwa zilikuwa na haja nao. Mkimbizi wa siku zile hakumhitaji sana wakili. Idadi ilikuwa ndogo, serikali yenyewe iliwahoji na kuwapa hati, na aliyekuwa na elimu alipata kazi. Hali hiyo ilipinduka katika muda wa miaka miwili. Mwaka 1991 dola ya Somalia ilianguka, na mwaka uliofuata wakaja vijana wa Sudan ya Kusini waliotembea jangwani kwa miguu; zikajengwa kambi za Dadaab upande wa Garissa na kambi ya Kakuma upande wa Turkana, mbali na miji na karibu na mipaka, na kazi ya kumtambua nani ni mkimbizi na nani siye ikatupiwa Umoja wa Mataifa. Nchi ikawa na mamia ya maelfu ya wageni, ilhali haina hata sheria moja ya bunge inayoeleza haki zao. Mtu aliweza kukaa miaka kumi Nairobi akiwa na karatasi ya Umoja wa Mataifa mfukoni, naye askari aliyemsimamisha njiani akaitazama karatasi ile kama kitu kisichomhusu.

Katika pengo hilo ndimo msaada wa sheria ulimoota. Mwaka 1998 wanasheria wengine walianzisha shirika la Refugee Consortium of Kenya, ambalo tangu mwanzo lilijitolea kwa wakimbizi peke yao, likapeleka watu wake Dadaab na Kakuma, na kwa miaka mingi likawa miongoni mwa wale waliolisihi bunge litunge sheria. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2006, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Ndipo Kituo cha Sheria nacho, kilichokuwa na uzoefu wa kuwatetea maskini wa mjini, kilipofungua mlango katika mtaa wa Eastleigh, ambao wenyeji wake huuita Islii, mahususi kwa wakimbizi waliokataa kambi au wasioweza kuishi kambini. Mawakili hawa na wale hawakushindana sana kama mashirika yanavyozoea kushindana, kwani kazi ilikuwa nyingi kuliko mikono.

Yafaa nieleze kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wasomaji wengi, wasikiapo habari za wakili wa wakimbizi, hudhani ya kuwa ni mtu asimamaye mbele ya majaji akinguruma. Siku zote za juma, isipokuwa chache, ni mtu anayeketi kwenye kiti cha mbao, pembeni yake mkalimani, mbele yake mama wa Bukavu kule Kongo au kijana wa Bale kule Uhabeshi aliyeshika bahasha ya plastiki yenye karatasi zilizokunjwa mpaka zimeanza kukatika kwenye mikunjo. Kazi ya wakili ni kuyapanga maisha ya mtu yule kwa utaratibu wa tarehe, kwa kuwa afisa atakayeamua ombi lake hutazama kwanza kama tarehe zake zaafikiana. Na tarehe ndipo penye mitego. Wahabeshi wana kalenda yao, iliyo nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane, na mwaka wao huanza mwezi wa Septemba. Uchaguzi mkuu wa Mei 2005, ambao ghasia zake ziliwakimbiza vijana wengi, kwa hesabu yao ni uchaguzi wa mwaka 1997. Kijana aliyekamatwa katika ghasia zile akiulizwa lini, atasema 1997, na kama mkalimani amechoka au karani ana haraka, faili litaandika 1997, na afisa atauliza, kwa haki yake, ilikuwaje mtu huyu akamatwe katika maandamano miaka minane kabla ya maandamano yenyewe. Saa nazo ni hivyo hivyo. Wahabeshi wahesabu saa kuanzia mapambazuko, kama tuhesabuvyo sisi. Watu wakivunja mlango saa tatu usiku, ni saa tatu kweli, lakini ikiandikwa kwa Kiingereza bila kugeuzwa, wavunja mlango watakuwa wamekuja karibu na alfajiri, na siku ya mahojiano ya pili, mkimbizi akisema kuwa watoto walikuwa hawajalala, ataonekana mwongo. Msomali naye, aliyezaliwa mahali ambapo hakuna mtu aliyeandika siku ya kuzaliwa, mara nyingi amesajiliwa tarehe 1 Januari pamoja na mkewe na nduguze wote, jambo linalomshangaza kila afisa mgeni. Wakili wa Islii aliyedumu miaka kadhaa huyajua haya yote, na maombi aliyoyaokoa kwa kalamu ya kusahihisha ni mengi kuliko aliyoyaokoa kwa hotuba.

Kisha iko kazi ya asubuhi, nayo ni ya mbio. Mtu amekamatwa usiku, amelala kituoni, na sasa analetwa mahakamani kwa shtaka la kuwako nchini kinyume cha sheria, ambalo kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 2011 laweza kumletea faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu. Shtaka husomwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Mshtakiwa hafahamu, au afahamu nusu. Aliyesimama karibu naye humwambia akubali ili mambo yaishe. Naye hukubali, na hapo huwa ameyamaliza kweli, kwa kuwa aliyekiri amejifungia mlango. Sheria ya 2006 ilisema waziwazi kwamba adaiye kuwa mkimbizi asiadhibiwe kwa sababu tu ya kuingia nchini bila kibali, maadamu amejitokeza kusajiliwa katika muda wa siku 30. Lakini sheria isiyotajwa mbele ya hakimu mwenye orodha ya mashtaka sabini haina mdomo. Kwa hiyo wakili, au msaidizi wa sheria aliyempelekea wakili habari kwa simu, yampasa kufika kabla ya shtaka kusomwa. Akifika baadaye hata kwa nusu saa, atakuwa na rufani ya kuandika na mteja aliye gerezani.

Kwa kazi hizi mbili Kituo kingetosheka, lakini mwisho wa mwaka 2012 kiliitwa kwenye jambo kubwa zaidi. Miezi ile mabomu ya kurushwa kwa mkono yalikuwa yakilipuka Nairobi na Garissa, watu walikuwa wakiuawa, na wananchi walikuwa na hofu na hasira ambazo haifai kuzidharau. Tarehe 18 Desemba serikali ikatangaza ya kwamba wakimbizi wote waishio mijini wahamie kambini, Wasomali Dadaab na wengine Kakuma, na usajili wao mijini usimamishwe. Na katikati ya Januari 2013 ikatoka barua kutoka wizarani, ikipanga kuwakusanya kwanza watu 18,000 katika uwanja wa michezo wa manispaa ya Thika. Wakati huo wakimbizi waliosajiliwa Nairobi walikadiriwa kuwa 55,000 hivi. Miongoni mwao walikuwamo wenye maduka, wanafunzi wa chuo kikuu, wagonjwa wanaotibiwa maradhi yasiyo na tabibu kambini, na watoto waliozaliwa Pumwani wasiopata kuiona kambi tangu kuzaliwa.

Kituo kilipeleka ardhilhali Mahakama Kuu. Waliosimama pamoja nacho walikuwa wakimbizi wenyewe, lakini kukaa kwa jina la Kituo mbele kulikuwa na hekima yake. Katiba ya mwaka 2010 imempa mtu yeyote ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya wengine ambao haki zao zimevunjwa, na mgeni aliye peke yake, akiishtaki serikali iliyoshika kibali chake cha kukaa, aweza kutishwa akaacha shauri njiani; taasisi ya wenyeji haifukuziki nchini. Kabla ya mwezi wa Januari kwisha, Jaji David Majanja aliisimamisha amri ile kwa muda. Tarehe 26 Julai 2013 akatoa hukumu, akaibatilisha.

Hukumu ile nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimevutiwa na upole wake. Jaji hakukanusha kwamba usalama wa nchi ni wajibu wa serikali, wala hakusema kuwa kila mkimbizi ni mwema. Aliuliza jambo moja tu: je, serikali imeonyesha uhusiano wowote baina ya watu hawa wanaong'olewa majumbani mwao na hatari inayotajwa? Haikuonyesha. Basi, kwa kuwa Katiba imempa kila mtu, wala si raia peke yake, uhuru wa kwenda atakako; kwa kuwa imempa kila mtu heshima ya utu, na haki ya kutendewa na watawala kwa utaratibu ulio wa insafu; na kwa kuwa imewaamuru watumishi wa dola kuwaangalia kwa namna ya pekee walio wanyonge, amri ya kuwachukua wote kwa jumla, bila kumsikiliza hata mmoja, haiwezi kusimama. Akaongeza hoja iliyowagusa wanasheria wa nchi nyingine: kwamba kumbana mkimbizi mpaka achoke na kujirudia mwenyewe alikotoka ni sawa na kumrudisha kwa nguvu, jambo ambalo sheria ya 2006 na mikataba ya mataifa zimelikataza.

Wangalipenda baadhi ya waandishi wa kumbukumbu kusimama hapo. Lakini mwezi wa Machi 2014, haijatimia hata miezi tisa, waziri mwingine alitoa amri iliyofanana sana na ile ya kwanza, na mwezi wa Aprili yakaanza yale yaliyoitwa Usalama Watch. Polisi waliingia Islii usiku, nyumba kwa nyumba. Maelfu ya watu, wakiwamo raia wa Kenya wa kabila la Kisomali, walikamatwa, wakajazwa katika mahabusu za vituo, kisha uwanja wa michezo wa Kasarani ukafanywa mahali pa kuwachambua. Mawakili walifika langoni, wakaambiwa wangoje. Wengine walingoja siku nzima wakiwa na orodha za majina mkononi, wakiyasoma kwa sauti kila basi la polisi lilipopita, wakitumaini aliye ndani atajibu. Watu mamia walipandishwa ndege kurudishwa Mogadishu. Ombi jipya lilipelekwa mahakamani, na Juni 2014 likakataliwa, mahakama ikiona safari hii kwamba serikali imetoa sababu za kutosha. Katika historia ya taasisi hii ule ndio mwaka wa kushindwa, na sioni faida ya kuupaka rangi. Wenyeji wa Islii walikuwa wakisema hapo kale kwamba polisi huwatazama kama mashine ya benki, ukibonyeza hutoa noti. Mwaka ule hata wenye hukumu ya Mahakama Kuu mfukoni walibonyezwa.

Walakini mapambano ya mahakamani hayakuwa yamekwisha. Mwisho wa mwaka 2014 bunge liliweka katika sheria kikomo cha wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima, ilhali waliokuwako wakati huo walipita nusu milioni. Mahakama ikakifuta kifungu hicho Februari 2015, kwa kuwa hapana njia ya kukitimiza ila kuwafukuza mamia ya maelfu ya watu. Aprili mwaka huo magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na uchungu wa msiba ule, uliokuwa halali kabisa, ukaelekezwa Dadaab. Mei 2016 serikali ikatangaza kuifunga kambi hiyo na kuivunja idara yenyewe ya wakimbizi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria wakashtaki, na tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo akaamua kuwa amri zote mbili ni batili: ya kwanza kwa sababu imewalenga watu kwa asili yao bila kuwasikiliza, na ya pili kwa sababu waziri hana uwezo wa kuivunja idara iliyoundwa na bunge. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani ya Mwanasheria Mkuu juu ya hukumu ya Jaji Majanja. Hivyo amri iliyotolewa Desemba 2012 ikawa imekufa mara mbili, na wale waliopakiwa malori mwaka 2014 kupelekwa kambini wengine walikuwa wamekwisha kurejea Nairobi kimyakimya, kwa basi la abiria, kwa nauli zao.

Nimewahi kusikia mtu mwenye akili akiuliza, je, kazi hii si ya wafadhili wa Ulaya tu? Fedha nyingi hutoka huko, ni kweli, na mfadhili akibadili nia, meza hupungua na mkalimani huambiwa asije tena. Huo ni udhaifu mkubwa, na wakuu wa mashirika haya wanaujua kuliko wanaowalaumu. Lakini mwaka 2016 bunge la Kenya lilitunga sheria ya msaada wa kisheria, likaunda idara ya taifa ya kuusimamia, na katika kuwataja wanaostahili likamweka mkimbizi pamoja na raia, mtoto, mtu asiye na uraia wa nchi yoyote na aliyeuzwa na wasafirishaji wa watu. Jambo lililoanzishwa na wachache kwa kujitolea likawa dhima ya dola, angalau katika maandishi. Fungu linalotengwa kwa ajili yake halijalingana na maandishi hayo, na kwa hiyo hata leo anayekamatwa Islii usiku huipiga namba ya Kituo kabla ya namba ya serikali.

Sheria mpya ya wakimbizi, iliyotiwa sahihi Novemba 2021, imebadili maswali yanayoletwa mezani. Imempa mkimbizi haki ya kushiriki katika uchumi wa nchi, ikaweka kamati ya kusikiliza rufani za waliokataliwa, na juu yake Mahakama Kuu. Lakini pia imebakiza maeneo maalumu ambayo mkimbizi atakiwa kukaa, na cheti cha ruhusa kwa atakaye kutoka. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ya wenyeji na wageni kwa pamoja, na wasaidizi wa sheria wameanza kuulizwa kama mwenye duka Hagadera atapata hati ya kiwanja. Swali la zamani, la kwamba nitarudishwa au sitarudishwa, halijatoweka, hasa kwa wale wanaongoja uamuzi wa maombi yao kwa miaka, ingawa sheria ya 2006 ilimpa afisa siku 90 tu. Lakini sasa limepata majirani: kwa nini namba ya kitambulisho changu haikubaliwi ninaposajili laini ya simu; kwa nini mwajiri ataka kibali cha daraja la M, ambacho kwa sheria hutolewa bila malipo, na ombi langu halijibiwi; kwa nini mwanangu aliyefaulu mtihani haonekani katika orodha ya mikopo ya chuo. Mawakili wa Kituo wanayaandikia barua mambo haya moja moja, kwa namba ya kumbukumbu na tarehe, wakibakiza nakala. Na ofisi isipojibu katika muda uliowekwa, barua ya pili huieleza kuwa Katiba imempa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi.